Fyuzi ya pikipiki ya zamani: usiifuate namba 35 bila kujua maana yake

Pikipiki ninayoizungumzia ni Triumph TR6 Trophy ya mwaka 1969, silinda mbili, 650 cc. Marehemu baba alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na aliinunua kwa meneja wake alipokuwa anafungasha kurudi Uingereza. Sasa ni yangu. Naishi Tanga mjini, kazi yangu ni umeme wa magari na pikipiki, na karibu kila siku naulizwa swali moja: fundi, niweke fyuzi ya ngapi?

Nianze na siku nyaya zangu zilipoungua, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijifunze kuhesabu.

Fyuzi ya asili ilikuwa imekatika. Ni ile ya kioo, ndani yake kuna kikaratasi kimeandikwa 35. Nikaenda duka la spea, nikaomba fyuzi ya kioo ya 35, nikapewa. Ikaingia vizuri kwenye nyumba yake, taa zikawaka, pikipiki ikaendesheka. Wiki tatu baadaye natoka Pongwe kurudi mjini, jioni, taa kubwa imewashwa, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka shingoni, chini ya tangi, pale ambapo furushi la nyaya hupinda kila unapogeuza usukani. Nikasimama kando ya barabara, nikafunua kiti, nikachomoa waya wa betri kwa mkono mtupu.

Nilipolifungua furushi nyumbani niliona waya mmoja wa taa umemenyeka kwa kusuguana na fremu. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka kutoka shingoni hadi karibu na swichi, urefu kama wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, na limegandana na nyaya nne za jirani kama peremende zilizosahaulika juani. Nikaitoa fyuzi nikaitazama kwenye mwanga. Kioo safi. Uzi wake mzima, unang'aa. Nyaya zote zile zimeungua na fyuzi haijajua kama kuna tatizo.

Sababu ni hii. Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya Triumph, BSA na Norton, iliandika kwenye fyuzi zake ampea za kukatikia. Fyuzi yao ya 35 hukatika umeme ukifika 35 A, lakini kiasi inachotakiwa kubeba muda wote ni nusu yake, 17.5 A. Fyuzi za Kimarekani, za Kijapani na hizi za plastiki za siku hizi zimeandikwa kwa utaratibu mwingine: namba unayoiona ni ya kubeba. Kwa hiyo fyuzi ya sasa ya 35 inaweza kupitisha 30 A kutwa nzima bila kukatika. Na waya uliomenyeka haugusi fremu kwa nguvu kama nyundo. Unagusa kwa nyuzi mbili tatu, unaachia, unagusa tena. Ikipita 25 A au 30 A pale, fyuzi ile inatulia, na waya mwembamba unageuka jiko.

Ukiwa na pikipiki ya Kiingereza ya volti 12 na huna muda wa kusoma zaidi, basi toa fyuzi yoyote mpya ya 35 iliyomo, uweke ya 15. Kama una muda, twende taratibu, maana pikipiki yako huenda imeshabadilishwa taa, honi au nyaya.

Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kulinda taa. Balbu ikiungua imeungua, utanunua nyingine. Fyuzi hulinda waya. Mwezi uliopita alikuja kijana wa bodaboda, akasimamisha pikipiki mlangoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Ilikuwa inakata fyuzi kila siku. Nikaiviringishia karatasi ya sigara, sasa haikati tena."

Nilimwomba azime kabla hatujaendelea kuongea. Karatasi ile ya kung'aa haikati kwa 10 A, wala 20 A, wala 40 A. Ukifanya hivyo, sehemu itakayokatika inahama kutoka kwenye fyuzi ya shilingi mia chache kwenda kwenye furushi la nyaya lililo chini ya tangi la petroli. Tulikuta waya wa taa ya nyuma umebanwa chini ya kiti. Fyuzi ilikuwa inamwambia ukweli kila siku.

Basi namba ya fyuzi inatoka sehemu mbili. Upande mmoja kuna mzigo: jumla ya umeme ambao vifaa vyako vinakula. Upande wa pili kuna waya: kiasi ambacho waya unaweza kubeba bila kupata moto. Fyuzi iwe juu ya mzigo na isizidi waya. Ukikuta mzigo umezidi waya, hakuna fyuzi itakayokusaidia, badilisha waya kwanza.

Tuanze na mzigo. Chukua wati za kila balbu, gawanya kwa volti, unapata ampea. Pikipiki yangu ni ya volti 12. Taa kubwa ni ya wati 50 kwa mwanga mrefu na 40 kwa mfupi, kwa hiyo nahesabu ile kubwa: 50 gawanya kwa 12 ni 4.2 A. Taa ya nyuma wati 5, ni 0.4 A. Taa ya breki wati 21, ni 1.75 A. Taa ndogo za kwenye saa ya mwendo na za viashiria ziko tatu, kila moja wati 2.2, jumla 0.55 A.

Koili, zile zinazotengeneza cheche ya plagi, hazijaandikwa wati, kwa hiyo nazipima ukinzani kwa mita ya umeme, nyaya zake zikiwa zimechomolewa. Triumph hii ina koili mbili, kila silinda na yake. Zangu zilisoma karibu om 3.5 kila moja. Volti 12 gawanya kwa 3.5 ni 3.4 A kwa koili moja, 6.8 A kwa zote mbili pointi (swichi ndogo zinazofunga na kukata umeme wa koili) zikiwa zimefunga. Injini ikizunguka, kila pointi inafunga kwa karibu nusu ya muda tu, kwa hiyo kwa wastani koili zote mbili zinakula kama koili moja: 3.4 A. Angalia tofauti hiyo, kwa sababu ukiacha ufunguo umewashwa na injini imezima, pointi zikawa zimefunga, koili zinakunywa ampea zote hizo bila kupumzika na zinachemka. Unapofanya majaribio ya umeme, chomoa waya wa koili.

Honi nayo haina maandishi ya kuaminika. Niliipima. Unatoa fyuzi, unaweka mita mahali pake, nyaya za mita zikiwa kwenye tundu la 10 A, halafu unawasha kifaa kimoja kimoja. Kimoja kimoja, narudia, maana mita nyingi za bei ya kawaida mwisho wake ni 10 A, nayo ni kwa muda mfupi tu. Honi yangu ilisoma 4 A. Taa kubwa peke yake ilisoma 4.1, karibu sawa na hesabu ya karatasini, nikafurahi.

Sasa jumlisha kile kinachowaka muda wote unapoendesha usiku: taa kubwa 4.2, ya nyuma 0.4, ndogo 0.55, koili 3.4. Inakuja 8.55 A. Fyuzi haitakiwi kubebeshwa mzigo wake wote kwa muda mrefu. Mafundi hukadiria robo tatu, kwa sababu fyuzi iliyo kwenye ukingo hupata joto, hulegea, na siku moja hukatika bila kosa lolote la nyaya. Gawanya 8.55 kwa 0.75, unapata 11.4. Madukani kuna 10 na kuna 15, hakuna 11.4. Chukua inayofuata kwenda juu: 15.

Halafu ijaribu hesabu kwa dakika mbaya kabisa: usiku, mbuzi kaingia barabarani, umeshika breki na umebonyeza honi kwa pamoja. Ongeza 1.75 na 4 juu ya 8.55. Ni 14.3 A. Bado iko chini ya 15, na ni kwa sekunde chache. Imekubali.

Kuhusu alternata, jenereta ndogo inayozungushwa na injini: umeme wa kuchaji betri nao hupita kwenye fyuzi hiyo hiyo, ukielekea upande wa pili. Alternata ya Lucas RM21 iliyo kwenye Triumph za miaka ile hutoa kama 10.5 A injini ikiwa imekolea, na sehemu ya hizo zinaliwa na taa na koili kabla ya kufika kwenye betri. Kwa hiyo 15 inatosha huku na huku.

Sasa waya, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Menya ncha ya waya sentimita moja, tandaza nyuzi zake, uzihesabu. Nyaya za asili za Kiingereza zina nyuzi zenye unene wa milimita 0.3. Ukikuta nyuzi 14, huo ni waya wa milimita mraba 1, na hubeba 8.75 A. Ukikuta 28, ni wa milimita mraba 2, hubeba 17.5 A. Ona namba hiyo ya mwisho: ni ile ile ya fyuzi ya Lucas, 17.5. Waliotengeneza mfumo huu walijua walichokuwa wanafanya. Fyuzi na waya mkuu vilipangwa pamoja, na mimi niliwatenganisha siku ile dukani.

Waya mkuu wa pikipiki yangu, wa kahawia wenye mstari wa bluu kutoka betri, ulikuwa na nyuzi 28. Fyuzi ya 15 iko chini ya 17.5, kwa hiyo waya umelindwa. Watu huniuliza kama wanaweza kuweka 20 kwa sababu wamefunga taa ya wati 60. Nafanya nao hesabu: wati 60 ni 5 A, imeongezeka 0.8 tu. 15 bado inatosha. Na kama kweli mzigo unadai 20, basi waya mkuu ubadilishwe uwe wa milimita mraba 3 kwanza. Uchunguze waya pia kwa macho. Hapa pwani chumvi inaingia ndani ya ganda, unamenya unakuta shaba imeota ukijani au imekuwa nyeusi, nyuzi zinavunjika ukizigusa. Waya wa nyuzi 28 uliobakiwa na nyuzi 15 nzima ni waya wa nyuzi 15. Namba za vitabuni haziuhusu.

Fyuzi inakaa wapi? Karibu na betri kadiri inavyowezekana, mimi huacha kama shibiri moja isizidi. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu chochote, na betri hata ndogo ya 9 Ah ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa muda mfupi.

Na kwenye Triumph ya 1969 kuna mtego unaowakamata mafundi vijana. Upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye fremu. Waya mwekundu ndio wa ethi, yaani unaofungwa kwenye fremu. Aliyezoea pikipiki za Kijapani na za Kichina anaona nyekundu, anaweka fyuzi pale, au mbaya zaidi anageuza betri akidhani mwenzake alikosea. Ukigeuza betri, rektifaya (inayogeuza umeme wa alternata uweze kuchaji betri) na ile diodi ya Zena (inayozuia volti kupanda kupita kiasi) iliyo chini ya taa kubwa unaweza kuziua papo hapo. Kwenye pikipiki yenye ethi ya chanya, fyuzi inakwenda kwenye waya wa hasi. Mimi nimebandika tepu nyekundu chini ya kiti, nimeandika CHANYA FREMU kwa herufi kubwa.

Fyuzi moja ya 15 inalinda waya mkuu, lakini matawi ni ya nyuzi 14, yanabeba 8.75 tu. Kiwandani waliridhika na fyuzi moja kwa pikipiki nzima. Mimi sikuridhika baada ya Pongwe. Nilipotengeneza furushi jipya niliweka kiboksi cha fyuzi chini ya kiti, baada ya ile kuu, nikagawa matawi matatu. Taa za usiku zote, kubwa, nyuma na ndogo, jumla 5.15 A, gawanya kwa 0.75 ni 6.9: fyuzi ya 7.5. Breki na honi, 5.75 A za muda mfupi mfupi: 7.5. Koili, ambazo ufunguo ukisahauliwa zinafika 6.8 A: fyuzi ya 10, na tawi hilo nimelivutia waya mnene wa nyuzi 28, kwa sababu 10 ingekuwa juu ya uwezo wa waya wa nyuzi 14.

Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaosema koili zisiwekewe fyuzi yake, injini isije ikazima kwenye kona. Nawaelewa. Lakini zikiwa zote kwenye fyuzi moja, waya wa taa ya nyuma ukisuguliwa na tairi utazima injini na taa kubwa kwa pamoja, usiku. Ukigawa, shoti ya honi inabaki kuwa ya honi.

Nilitumia fyuzi za plastiki zenye miguu miwili bapa badala ya za kioo. Injini ya silinda mbili ya aina hii inatetemeka sana, na spiringi ya nyumba ya fyuzi ya kioo hulegea, kikofia cha fyuzi kinapata moto, risasi ya ndani inayeyuka. Rangi za hizi za plastiki zimewekwa kwa utaratibu mmoja dunia nzima: 5 ni hudhurungi hafifu, 7.5 ni kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Ukinunua pikipiki ya zamani ukafunua kiti ukaona kijani, anza kuuliza maswali.

Fyuzi bandia zipo. Kila ninaponunua pakiti mpya ninatoa moja ya 10 naiunguza kwa makusudi: betri ya gari, balbu mbili za H4 za wati 60/55 zenye nyuzi zote mbili zimeunganishwa, jumla wati 230, ambazo ni 19 A hivi. Fyuzi ya 10 ikibebeshwa karibu mara mbili inatakiwa ikatike ndani ya sekunde chache. Nahesabu mpaka kumi. Ikiwa bado inapitisha, pakiti nzima natupa.

Ikikatika barabarani, usiweke nyingine kabla ya kuitazama ile iliyokufa. Ya kioo ikiwa nyeusi au imepakwa kama fedha kwa ndani, ilipigwa shoti kubwa. Kioo kikiwa safi na uzi umeachana katikati, ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au ni mtetemo. Kisha tumia balbu. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili, iweke mahali pa fyuzi, zima kila kitu. Balbu ikiwaka kwa nguvu wakati ufunguo umezimwa, shoti iko kati ya fyuzi na swichi. Haikuwaka? Washa tawi moja moja. Ukiwasha taa ya nyuma balbu itawaka hafifu au isiwake, hiyo ni kawaida, umeme unapita kwenye vyote viwili. Taa kubwa, honi na koili zichomoe kwanza, maana zinakula umeme mwingi kuliko balbu hii na zitaifanya iwake karibu kabisa hata bila shoti. Lakini ikiwaka kabisa kama imeungwa moja kwa moja na betri, hapo ndipo pa kutafuta. Tikisa nyaya, geuza usukani kulia na kushoto, bonyeza kiti. Balbu itakuonyesha ni wapi, na hutapoteza fyuzi hata moja.

Kwa wenye pikipiki za volti 6, kama BSA za zamani zenye dainamo: hesabu ni ile ile, ila gawanya kwa 6. Taa ya wati 30 inakula 5 A pale ambapo kwa volti 12 ingekula 2.5. Ndiyo maana nyaya za volti 6 zinahitaji kuwa nene, na ndiyo maana ukiibadili pikipiki yako kutoka volti 6 kwenda 12, fyuzi nayo ipungue. Vivyo hivyo ukifunga taa za LED: mzigo unashuka, rudia hesabu ushushe fyuzi.

Kwenye kifuniko cha kiboksi changu nimeandika kwa wino usiofutika: 15, 10, 7.5, 7.5. Chini ya kiti kuna mfuko mdogo, ndani fyuzi mbili za kila namba, na balbu ya breki yenye nyaya zake mbili.